Mdogo wangu kapigwa na maaskari jela huku Texas na hana makaratasi. Anaweza kushtaki? Na ni kweli atapewa grini kadi?

Swali lenyewe, nimelifupisha na kutoa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu:

"Shikamoo kaka wakili. Niko Texas mwaka wa sita sasa, nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi. Mdogo wangu alikuja 2017 na viza ya mwanafunzi, ada ikamshinda, akaacha chuo akaingia kwenye maboksi. Wiki tatu zilizopita alisimamishwa barabarani taa ya nyuma haiwaki, kucheki wakakuta ana waranti za tiketi za zamani hajalipa, wakampeleka jela ya kaunti. Ana pumu, kaomba inhela siku mbili hawampi, alivyoanza kugonga mlango wakaingia maaskari watatu wakampiga, kidole kimevunjika na jicho limevimba. Sasa wamemfungulia yeye kesi ya kumshambulia askari, na wanasema ICE wameweka holdi. Loya aliyepewa na korti anasema akikiri atapata probesheni atoke. Mchumba wake ni raia wa hapa. Watu wanatuambia akiishtaki jela atapewa makaratasi. Ni kweli? Nimlipie dhamana? Naweza kumfailia mimi kama dada? Naogopa hata kwenda kumuona."

Marahaba dada, na poleni sana. Nimeisoma meseji yako mara mbili na kuna sentensi moja imenifanya nikujibu usiku huu huu, hiyo ya loya kusema akikiri anatoka. Mwambie asikiri. Asisaini kitu chochote mpaka huyo loya wa jinai awe ameongea na loya wa uhamiaji, hata kwa simu ya dakika ishirini tu. Kueleza kwanini itachukua nafasi kidogo, ila kama una haraka basi ondoka na hilo kwanza, mengine utarudi kuyasoma.

Unajua watu wanachanganya mambo hapa. Mdogo wako ana kesi tatu, sio moja. Kuna ya jinai ambayo serikali ya Texas inamshtaki yeye. Kuna ya uhamiaji ambayo ICE, yani polisi wa uhamiaji, wanataka kuifungua au wameshaifungua. Na kuna ya tatu ambayo bado haijazaliwa, ya yeye kuwashtaki hao maaskari kwa kumpiga na kumnyima dawa. Kila moja ina korti yake na loya wake na sheria zake, na kushinda moja hakumaanishi umeshinda nyingine. Lakini kuziharibu zote tatu kwa mpigo inawezekana kabisa, na njia rahisi kuliko zote ni hiyo karatasi ya kukiri.

Ngoja nieleze. Mtu kupigwa alafu yeye ndo afunguliwe kesi ya kushambulia, hilo hata nyumbani tunalijua, tunaita kubambikiwa. Mimi sikuwepo kwahiyo siwezi kusema nini kilitokea kwenye hiyo selo, ila najua shtaka lenyewe lina uzito gani. Texas kumshambulia na kumuumiza mtumishi wa umma akiwa kazini, na askari jela anahesabika humo, ni felonia, yani kosa kubwa la jinai, ya daraja la tatu, miaka 2 mpaka 10 gerezani na faini inaweza kufika dola 10,000. Sasa mtu ana jicho limevimba, hajalala vizuri wiki tatu, anaambiwa chagua, miaka kumi au saini hapa uende nyumbani leo. Nani asingesaini jamani.

Hiyo probesheni (kukaa nje chini ya uangalizi wa korti) anayoahidiwa najua karibu kwa hakika ni ile Texas wanaita difadi, yani unakiri, jaji hakutii hatiani, anaahirisha, ukimaliza muda wako bila tatizo kesi inafungwa na kwa macho ya Texas wewe hukuhukumiwa. Loya wa jinai akikwambia hiyo sio hukumu hadanganyi, kwa sheria ya jimbo ni kweli. Tatizo uhamiaji wana kamusi yao. Kwenye sheria ya uhamiaji ukishakiri kosa na jaji akakupa adhabu yoyote au masharti yoyote yanayobana uhuru wako, umetiwa hatiani, habari imeisha, Texas waite wanavyotaka. Nimeona watu wanakuja ofisini na barua ya korti imeandikwa kesi imefutwa, wana furaha, wamekuja kufaili makaratasi ya ndoa, na mimi ndo napewa kazi ya kuwaambia kwamba ile karatasi ya furaha haifuti kitu.

Kuna kesi ya 2010 Mahakama Kuu ya Marekani inaitwa Padilla, jamaa mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, amekaa Marekani miaka zaidi ya 40 na grini kadi, amepigana Vietnam kwenye jeshi lao, akakamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Loya wake akamwambia usijali, umekaa hapa muda mrefu hutafukuzwa. Akakiri, akajikuta kwenye njia ya kufukuzwa. Mahakama ikasema loya wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia madhara ya kukiri kwenye uhamiaji. Kwahiyo huombi fadhila ukimwambia huyo loya wa korti aongee na mtu wa uhamiaji, ni haki ya mdogo wako, na ofisi nyingi za mawakili wa umma wana mtu wa kumpigia kwa ajili ya hayo. Mwandikie barua pepe mtaje jina la kesi hiyo, Padilla, utaona sauti inabadilika.

Alafu kuna upande wa pili wa kukiri ambao watu wengi hata hawaujui. Ukikiri kwamba ulimshambulia askari, unajifungia mlango wa kumshtaki huyo askari. Mwaka 1994 kulikuwa na kesi inaitwa Heck, mahakama ilisema huwezi kufungua madai ambayo ukishinda yatamaanisha hukumu yako ya jinai ni batili, wakati hukumu hiyo bado imesimama. Sasa kama umekiri wewe ndo ulianza kupiga, alafu unakwenda korti nyingine kusema mimi nilikuwa nagonga mlango tu naomba inhela wakanivamia, jaji atakuuliza, mbona huku umesema vingine? Sio kila mara inaua kesi yote, mtu anaweza kukiri alianza na bado akasema walizidisha baada ya yeye kuwa chini na pingu mkononi, ila hapo unapigana ukiwa na mguu mmoja. Na mawakili wa kaunti wanalijua hili vizuri sana kuliko sisi.

Na la mwisho kwenye hili shtaka. Januari 2025 ilipita sheria inaitwa Laken Riley Act. Inasema wasio na makaratasi wa makundi fulani wakikamatwa tu au kushtakiwa kwa wizi, kuiba dukani, na pia kumshambulia askari, ICE wanatakiwa wawashikilie bila dhamana. Kukamatwa tu, sio mpaka uhukumiwe. Mdogo wako kaingia kwa viza, akakaguliwa, na makundi yaliyotajwa kwenye ile sheria yameandikwa kwa namna ambayo mtu wa hivyo ana hoja ya kubisha kwamba haimhusu, ila hoja hiyo lazima mtu aisimamie mbele ya jaji. Kwahiyo unaona kwanini hilo shtaka la askari ndo kiini cha kila kitu, sio tiketi wala taa ya nyuma. Loya wa jinai apambane lifutwe, au kama ni kukiri basi iwe kosa lingine ambalo wa uhamiaji ameliangalia neno kwa neno.

Dhamana sasa. Najua mnachangishana na roho inauma mtu akae humo ndani. Subiri kidogo. Holdi ya ICE ni ombi wanaloliandikia jela kwamba huyu mtu akitakiwa kutoka mshikilieni masaa mengine mpaka 48 tuje kumchukua. Kwahiyo ukilipa dhamana ya jinai leo, kwa kawaida hatoki mlangoni kukukumbatia, anahamia kwenye mikono ya ICE, na anaweza kupelekwa kituo cha mbali kabisa, hata jimbo lingine kama Louisiana, wakati kesi yake ya jinai bado inaendelea kwenye kaunti yenu. Siku ya korti hayupo, jaji anatoa waranti, dhamana mliyoweka inaweza kupotea. Kuna wakati kulipa ni sahihi, mfano wa uhamiaji akisema huko ICE ana nafasi nzuri ya kupata bondi, yani dhamana ya uhamiaji, haraka, na kuna wakati bora akae amalize kwanza hilo shtaka. Huo ni uamuzi wa mawakili wawili wakiongea, sio wa grupu la WhatsApp.

Hayo masaa 48 yahesabu. Yakipita ICE hawajaja, jela haina haki ya kuendelea kumshikilia kwa karatasi hiyo. Oregon mwaka 2014 jaji wa shirikisho aliamua kaunti moja ilivunja katiba kwa kumshikilia mama mmoja kwa holdi tu bila msingi mwingine. Ila Texas tangu 2017 ina sheria ya jimbo inayowalazimisha masherifu kuziheshimu holdi, kwahiyo usitegemee sherifu akuonee huruma hapo, tegemea saa. Andika saa aliyomaliza kesi ya kaunti na saa waliyokuja kumchukua.

Twende kwenye kipigo. Swali lako la kwanza, asiye na makaratasi anaweza kushtaki? Ndio, bila shaka yoyote. Katiba ya Marekani kwenye Rekebisho la 14 inasema mtu, haisemi raia. Mahakama Kuu ilishasema hivyo 1886 kwenye kesi ya Yick Wo, Mchina mwenye dobi San Francisco, na tena 1896 kwenye kesi ya Wong Wing kwamba hata mtu aliyeko nchini kinyume cha sheria hawezi kuadhibiwa bila mahakama. Sheria yenyewe ya kushtaki askari wa jimbo au kaunti ni ya tangu 1871, mawakili wanaiita kwa namba, 1983, na huko nako imeandikwa raia au mtu mwingine yeyote aliye chini ya mamlaka ya Marekani.

Lugha yetu inamsaidia hapa, maana sisi tunatofautisha mahabusu na mfungwa, na sheria yao inatofautisha hivyo hivyo. Mdogo wako ni mahabusu, hajahukumiwa. Mfungwa aliyehukumiwa akipigwa anatakiwa aonyeshe askari alikuwa na nia mbaya, alitaka kumuumiza tu. Mahabusu hahitaji kuingia kwenye kichwa cha askari, anatakiwa aonyeshe nguvu iliyotumika haikuwa ya kiasi kwa mtu mwenye akili timamu akiangalia yaliyokuwa yanatokea. Hiyo ilitoka kwenye kesi ya Kingsley 2015, jamaa wa Wisconsin aligoma kubandua karatasi aliyofunika taa ya selo, karatasi tu, maaskari wakamtoa kwa nguvu wakampiga na shoti ya umeme akiwa na pingu. Karatasi kwenye taa, inhela mlangoni, unaona zinavyofanana. Na kumnyima dawa ni dai lake peke yake, tangu kesi ya Estelle ya 1976 jela haiwezi kupuuza ugonjwa mkubwa inaoujua. Neno zito hapo ni inaoujua. Kwahiyo kuanzia kesho kila siku piga kwa nesi wa jela, tuma karatasi ya daktari inayoonyesha ana pumu na dawa anayotumia, tuma kwa faksi na kwa barua pepe, andika jina la aliyepokea na saa. Kwanza apate dawa, pumu haisubiri korti. Pili siku wakisema hatukujua, una listi.

Kuhusu ushahidi kuna kitu kimoja kinaoza haraka kuliko vyote, nacho ni kamera. Jela zimejaa kamera lakini video haikai milele, mashine inarekodi juu ya za zamani, kuna sehemu ni wiki chache tu. Wiki tatu zimeshapita. Loya yeyote, hata wa jinai, aandike barua kwa sherifu kumtaka ahifadhi video zote za siku ile, za kwenye korido na za selo na za kamera za kifuani kama wanavaa, pamoja na ripoti za maaskari na kumbukumbu za kliniki. Barua moja ya ukurasa mmoja. Kama loya anazungusha andika wewe, itume kwa posta yenye risiti. Baada ya barua hiyo wakifuta, jaji anaweza kuwahesabia ubaya.

Yeye mwenyewe humo ndani aandike malalamiko kwenye fomu ya jela yenyewe, sijui kwenu ni karatasi au ni ile tableti, na wakimkatalia akate rufaa mpaka ngazi ya mwisho. Najua inaonekana ujinga, kumlalamikia mwizi kwa kaka yake mwizi, lakini tangu 1996 kuna sheria inayosema aliyeko jela hawezi kwenda korti ya shirikisho mpaka amemaliza njia za malalamiko za ndani, na kesi nyingi nzuri zimekufa kwa sababu mtu hakujaza fomu ndani ya siku zilizopangwa. Kama muda umepita ajaze hivyo hivyo, aeleze alikuwa mgonjwa au alinyimwa fomu. Aombe kidole kipigwe eksirei ili kiingie kwenye rekodi. Akumbuke majina au sura au namba za maaskari, na wenzake wa selo za jirani ni kina nani. Texas pia kuna tume inayosimamia jela za kaunti, Texas Commission on Jail Standards, inapokea malalamiko hata kutoka kwa ndugu, wewe unaweza kuandika bila kumsubiri.

Muda wa kufungua madai Texas ni miaka 2 tangu siku ya kipigo. Kuna majimbo ni mwaka 1 tu, kuna mengine mpaka 6, nasema hivi kwa sababu kuna watakaosoma wakiwa Tennessee au Minnesota wakadhani ni sawa. Na kama waliopiga wangekuwa maafisa wa ICE wenyewe njia ni nyingine kabisa, unaanza kwa kupeleka dai kwenye idara yao ndani ya miaka 2 kabla ya korti. Hela ya loya kwenye hizi kesi za haki kwa kawaida hutoi mwanzoni, anachukua asilimia mkishinda, ila ndo maana pia anachagua, asipoona video na vipimo vya hospitali wengi wanakataa.

Halafu simu. Dada, simu za jela zinarekodiwa zote. Sijui mmeshaongea nini hizi wiki tatu ila kuanzia leo msiongee kesi wala jinsi alivyoingia wala amefanya kazi kwa makaratasi ya nani. Na usiongee kwa Kiswahili ukidhani hawaelewi, wakalimani wapo.

Sasa hilo la kushtaki jela upate grini kadi. Kuna ukweli kidogo umekuzwa mpaka umekuwa uongo. Kushinda madai kunakupa hela, haikupi makaratasi. Kinachozungumzwa hapo ni viza ya U, ilianzishwa na sheria ya mwaka 2000 kwa watu walioumizwa na uhalifu fulani wakasaidia vyombo vya sheria kuuchunguza. Shambulio lenye uzito wa felonia limo, mateso yamo, kufungiwa mtu kinyume cha sheria kumo, ubakaji umo. Unatakiwa uonyeshe umeumia sana mwilini au kisaikolojia, na fomu I-918 iende na kiambatisho B kimesainiwa na polisi au mwendesha mashtaka au jaji au chombo kingine kinachochunguza, kwamba wewe ni mwathirika na umesaidia. Saini hiyo isizidi miezi 6 siku unapofaili. Ukiipata inadumu miaka 4, baada ya 3 unaweza kuomba grini kadi.

Tatizo liko kwenye nani atasaini. Sherifu asaini kwamba vijana wake ni wahalifu? Ndo maana watu wanakwama. Lakini kuna kesi moja huwa naisimulia kwa sababu inaonyesha njia ilivyo na ilivyo ndefu, kesi ya Villegas, Nashville. Mama wa Kimexico, hana makaratasi, mjamzito wa miezi 9, Julai 2008 anasimamishwa barabarani, anawekwa ndani sababu hana leseni. Uchungu ukaanza akiwa mahabusu, wakampeleka hospitali na pingu, wakamfunga mguu kwenye kitanda. Akashtaki. 2011 jaji alikubali haki zake zilivunjwa, na wazee wa baraza wakampa dola 200,000. 2012 jaji huyo huyo wa shirikisho ndo akakubali kusaini kile kiambatisho cha viza ya U, sio polisi, jaji wa kesi ya madai. Ukiishia hapo ni hadithi tamu. Ila 2013 mahakama ya rufaa ikatengua ushindi wake ikasema kesi isikilizwe upya, ndo wakaja kumalizana kwa dola 490,000, gharama za mawakili zikiwa humo humo. Miaka mitano, na alikuwa na mawakili wazuri na nchi nzima inamuangalia.

Kwahiyo loya wa madai aambiwe mapema kwamba saini hiyo inaweza kuombwa kwa jaji, au kwa mwendesha mashtaka kama ataamua kuwachunguza maaskari, au kwa FBI ambao wana kitengo cha haki za raia na wanapokea ripoti za vipigo vya jela. Ila isiwe ndo mpango wenu mkuu. Viza hizi ni 10,000 tu kwa mwaka kwa waombaji wakuu na foleni yake ni ya miaka mingi, hata kibali cha kazi cha wakati wa kusubiri hakiji haraka.

Mpango mkuu ni huyo mchumba. Na hapa mdogo wako ana bahati ambayo wengi hawana, aliingia na viza. Anayeingia kwa kukaguliwa mpakani alafu akaoa raia, sheria inamsamehe kupitiliza muda na hata kufanya kazi bila kibali, anafaili humu humu ndani bila kutoka. Kama mchumba angekuwa na grini kadi tu kama wewe, msamaha huo usingekuwepo. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa naye habari yake ni nyingine, mara nyingi lazima atoke, na akitoka anakutana na adhabu ya miaka 3 au 10 ya kutorudi mpaka aombe msamaha. Na tangu Septemba 2025 bodi ya rufaa za uhamiaji imeamua kwamba hao walioingia bila kukaguliwa majaji wa uhamiaji hawawezi kuwapa bondi, jambo ambalo majaji wengi wa shirikisho wamelipinga na bado wanavutana. Mdogo wako hayupo kwenye kundi hilo kwa sababu ya ule muhuri wa 2017, kwahiyo tafuteni pasi yake na rekodi ya I-94, ile ya kuingia nchini, hiyo ndo dhahabu yenu.

Viza ya mwanafunzi ina uzuri mwingine pia. Kwa kawaida wanafunzi hawaandikiwi tarehe ya kuondoka, wanaandikiwa muda wa masomo, na kwa sababu hiyo ile hesabu ya siku za kukaa kinyume cha sheria inayoleta adhabu ya miaka 10 haianzi yenyewe siku alipoacha chuo, mpaka uhamiaji au jaji aseme. Kwahiyo hata ikitokea wakalazimika kufikiria kuondoka kwa hiari, asidhani lazima amefungiwa miaka kumi. Loya apige hesabu.

Ndoa yenyewe wakiifunga baada ya yeye kufikishwa korti ya uhamiaji inaruhusiwa, ila inaangaliwa kwa jicho kali, wanadhania ni ya makaratasi mpaka muonyeshe sivyo. Mkusanye vitu vya kabla ya kukamatwa, mkataba wa nyumba, picha na familia, hela mlizotumiana, hata zile meseji za kugombana, kwa kweli meseji za kugombana huwa zinashawishi kuliko picha za sikukuu. Na kama hayo mapenzi ni ya kubumba, achaneni nayo kabisa. Ndoa ya uongo ikigundulika hatapata grini kadi kwa ndoa yoyote maishani, na ni kosa la jinai la mpaka miaka 5.

Kuna swali moja muulize uso kwa uso kupitia loya, sio kwenye simu. Kwenye kazi za maboksi alijaza fomu I-9, ile ya mwajiri ya kuthibitisha una ruhusa ya kufanya kazi, alitiki wapi? Wapo vijana wetu wengi wanatiki kisanduku cha raia wa Marekani ili kazi itoke. Kujidai raia wakati sio ni doa ambalo karibu halina msamaha, hata ukioa raia. Kutumia sosho ya mtu, ile namba ya hifadhi ya jamii, ni tatizo ila linaongeleka, kile kisanduku ndo kinazika watu. Loya ajue kabla hajafaili chochote.

Wewe kumfailia kama dada, hapana, mwenye grini kadi hawezi kumfailia ndugu. Ukiwa raia unaweza, ila foleni ya ndugu inazidi miaka 10 na haimzuii kufukuzwa. Lakini umesema uko mwaka wa sita, mbona hujaomba uraia? Miaka 5 imeshatimia. Anza, kwa faida yako mwenyewe. Kwenda kumuona nenda, grini kadi yako ni halali, beba kitambulisho na ujibu unachoulizwa tu. Mwingine kwenye familia asiye na makaratasi asiende.

Wakimhamishia ICE mtafute kwenye mtandao wao kwa namba yake ya A, ile ya faili lake la uhamiaji yenye tarakimu 9, au jina na nchi aliyozaliwa. Bondi ya jaji wa uhamiaji inaanzia dola 1,500 na mara nyingi ni zaidi ya hapo sana. Humo hakuna loya wa bure wa serikali, na hapo ndo madalali wanaingia, Mswahili mwenzetu anakwambia ana mtu ndani, lete elfu tatu. Hakuna mtu ndani. Wakimletea karatasi ya kukubali kuondoka asisaini kabla ya kuongea na loya. Na hata ikitokea wakamrudisha Bongo, madai ya kipigo hayafi, anaweza kuendelea kutoka Tanga na kutoa ushahidi kwa video, mradi loya ana namba yake na anwani ya mtu anayepatikana.

Nimesahau ubalozi. Kwa Mtanzania, jela ilitakiwa iujulishe ubalozi wetu Washington hata kama yeye hakuomba, maana Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo taarifa ni lazima. Mkenya hayumo, yeye lazima aombe mwenyewe, kwahiyo Wakenya mnaosoma ombeni. Pigia ubalozi uulize kama waliambiwa, na siku gani. Hawawezi kumtoa, ila afisa wa ubalozi akipiga simu jela kuuliza habari za mahabusu mwenye pumu, inhela huwa inapatikana. Isipokuwa kama kuna jambo linalomfanya aiogope serikali ya nyumbani, hapo usipige, ongea na loya kwanza. Na pasi yake ukiipata toa kopi tu, yenyewe ikae kwako.